Vyuo Vyaongezeka Moshi, Kahawa Yazeeka Mwika

Imekuwa desturi, kila yanapofanyika mahafali katika vyuo vya Moshi, msemaji mmoja au mwingine kusimama na kuusifu mji huo kuwa ni makao ya elimu. Huhesabiwa chuo kimoja baada ya kingine, hutajwa idadi ya wahitimu, makofi hupigwa. Siku hizi yameongezwa maneno mapya: kwamba Moshi iko njiani kuwa mji wa uchumi wa maarifa. Wapo hata wanaodai kwamba kwa wingi huo wa vyuo Moshi imekwisha kufika, na kwamba kilichobaki ni kupewa hadhi ya jiji tu.

Madai hayo yanastahili kupimwa, na ukumbi wa mahafali haufai kuwa mahali pa kuyapimia. Apande mtu gari mjini Moshi, apite Himo, akate kupanda Marangu, na kutoka hapo ashike barabara ya lami iendayo Rombo. Kabla ya kuvuka mpaka wa Wilaya ya Moshi atafika Mwika. Hapo atakuta soko lililojaa mikungu ya ndizi za kila aina. Atakuta makanisa yenye historia ndefu, shule za msingi na sekondari, shule ya Biblia ya Kilutheri iliyokuwapo tangu miaka ya 1950, na chuo kikuu kishiriki kilichoanzishwa mwaka 2007 na kupewa jina la marehemu Askofu Stefano Moshi. Si vijiji vingi vya Afrika Mashariki vyenye chuo kikuu mlangoni.

Kisha aingie ndani ya kihamba chochote nyuma ya soko. Chini ya migomba atakuta mibuni, na mingi kati ya hiyo ni ile ile aliyoipanda babu wa mwenye kihamba: imezeeka, shina limejaa kuvu, na matunda yake yaweza kuchumwa asubuhi moja yakaisha. Anayeitunza ni mzee, mara nyingi mama mjane. Wajukuu wake wana vyeti vizuri, nao wako Dar es Salaam, Arusha na Dodoma. Ikiwa elimu imejaa mlimani kiasi hicho, imefanya kazi gani ndani ya kihamba?

Uchumi wa maarifa, ukivuliwa mapambo yake, ni uchumi ambao mtu hupata bei kubwa zaidi kwa sababu anajua jambo ambalo mwenzake halijui, au hupata mavuno makubwa kwa jasho dogo kwa sababu hiyo hiyo. Cheti kilichotundikwa ukutani hakimo katika maana hiyo. Kama maarifa yanazalishwa Moshi lakini hayaongezi bei ya debe la kahawa, wala hayapunguzi jasho la mama wa Mwika, basi Moshi ni kiwanda cha kusafirisha vijana, na bidhaa hiyo inasafirishwa ghafi kama kahawa yenyewe.

MAARIFA YALIYOTANGULIA VYETI

Ajabu ya jambo hili ni kwamba mlima huu ulikuwa na uchumi wa maarifa kabla ya kuwa na chuo hata kimoja. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walipofika Kilimanjaro katikati ya karne ya 19 waliikuta mifongo: mifereji iliyochukua maji kwenye makorongo ya juu, ikayapitisha kwenye miteremko na kuyafikisha katika vihamba. Mfongo hauchimbwi kwa nguvu za mikono peke yake. Anayeuchimba lazima ajue mwinamo wa ardhi, ajue maji yatakapokwenda kwa kasi na kuibomoa kingo, na ajue yatakapotuama na kujaza matope. Juu ya ujuzi huo palikuwa na utawala: ukoo uliouchimba, wazee wa kugawa zamu, na faini kwa asiyetokea siku ya kuuzibua. Ujuzi, kazi na sheria vilikwenda pamoja, na ndiyo sababu mifongo ilidumu.

Kahawa nayo ilishikwa kwa namna hiyo hiyo. Ilipoletwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, haikuchukua muda mrefu Wachagga kuijaza katika vihamba vyao. Walowezi waliona hatari ya ushindani, wakapiga kelele kwamba Mwafrika hana ujuzi wa kuzuia magonjwa ya mibuni, kwa hiyo akatazwe kuilima. Jibu la wakulima lilikuwa kuanzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Chama hicho kilishughulikia pampu na dawa za kunyunyizia na kuwafundisha wanachama matunzo ya mibuni. Walowezi walidai ujinga. Wakulima wakajibu kwa maarifa yaliyopangwa katika chama. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, na mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa kahawa kikaanzishwa Lyamungu.

Mambo hayo yatazamwe kwa pamoja. Palikuwa na mkulima katika kihamba, chama cha msingi karibu na kihamba, chama kikuu mjini, kituo cha utafiti mlimani, na kiwanda cha kukoboa kahawa karibu na reli. Faida ya kahawa iliporudi, sehemu yake ilikwenda katika elimu. Ushirika ulijenga chuo cha biashara mjini Moshi na kuwalipia vijana masomo. Aina za mibuni zilizochaguliwa Lyamungu, kama N39 na KP423, zilienea mlima mzima. Maarifa yalitoka shambani yakaenda mjini, yakarudi shambani yakiwa yameongezeka. Moshi ulikuwa mji wa maarifa wakati huo kwa sababu ulikuwa fundo la mzunguko huo. Idadi ya vyuo vyake ilikuwa ndogo sana.

Mzunguko ulikatika kwa hatua, na haki inadai kila hatua itajwe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, KNCU ikaandikishwa upya mwaka 1984, na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Lakini chama kilichovunjwa hakirudi kama kilivyokuwa. Mwaka 1989 mgawo wa kahawa katika soko la dunia ukaanguka, na bei nayo ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na ruzuku ya pembejeo ikatoweka. Mkulima aliyekuwa akipewa dawa na chama chake kwa mkopo akajikuta dukani, mkononi ana fedha ya msimu uliokwisha. Aliacha kunyunyiza. Chulebuni na kutu ya majani vikafanya kazi yao.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika miaka hiyo hiyo vyuo viliongezeka. Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa mwaka 1963, kiliinuliwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004 na chuo kikuu kamili mwaka 2014. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilipata chuo chake cha tiba. Chuo cha Mwenge nacho kikapata hadhi ya chuo kikuu. Hakuna anayesema vyuo hivyo ni vibaya, wala kwamba walimu wake hawafanyi kazi. Hoja ni kwamba ngazi ya chuo ilipanda wakati ngazi ya chama cha msingi ikiteremka, na hakuna aliyeona kuwa ngazi hizo mbili ni za nyumba moja.

MIFANO MIWILI ILIYO KARIBU

Wapo watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya watu wasioona mema. Basi yatazamwe mema yaliyopo Moshi yenyewe.

Ndani ya eneo la KCMC kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia, maarufu kwa jina la TATCOT, kilichoanza mwaka 1981. Mwanafunzi wa hapo hasomi juu ya mguu wa bandia katika kitabu akaishia hapo. Humpima mgonjwa aliyekatwa mguu, humimina plasta, huchonga, hukosea, huchonga tena, mpaka mgonjwa asimame na kutembea. Karakana na darasa ni kitu kimoja, na mtahini wa mwisho ni mgonjwa anayetembea. Nchi nyingi za Afrika zimeleta vijana wao Moshi kujifunza kazi hiyo. Hapa mji unauza ujuzi nje bila kuupoteza, kwa kuwa karakana haihami pamoja na wahitimu.

Mfano wa pili una utamu na uchungu ndani yake. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, kwa msaada wa Japani, katika tambarare ya Mabogini na Chekereni. Eneo lake lilikuwa kama hekta 2,300, na karibu nusu yake ilitengwa kwa mpunga. Kwa mbegu fupi ya IR54, miche iliyopandikizwa kwa mistari, mbolea na maji ya kudhibitiwa, mkulima mdogo aliweza kuvuna zaidi ya tani 6 kwa hekta, mavuno ambayo awali yasingesadikika. Ndipo likatokea jambo ambalo wataalamu hawakulipanga. Wakulima waliokuwa nje ya mradi, kando ya mto Rau upande wa juu, waliangalia, wakauliza, wakaajiriwa vibarua wa kupandikiza, wakajifunza. Kisha wakalima mpunga wao wenyewe kwa njia ile ile na kuyachukua maji kabla hayajaufikia mradi. Ndani ya mradi maji yakapungua, na eneo la mpunga likasinyaa.

Kuna wanaousimulia mkasa huo kama habari ya wizi wa maji. Ni habari ya maarifa pia. Mkulima ambaye hakualikwa katika semina hata moja alilichukua somo kwa macho na kulitia shambani mwake katika msimu mmoja au miwili. Wale wanaodai kwamba mkulima wa Kilimanjaro ni mgumu wa kupokea mambo mapya wajibu kwanza hilo la mto Rau. Kilichokosekana kule tambarare ni kile ambacho wazee wa mifongo walikuwa nacho: mamlaka inayokubaliwa na wa juu na wa chini, yenye kugawa zamu. Mbegu ya kisasa ilikuja na utawala wa maji haukuja nayo.

Sasa turejee kahawa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao yake pale pale Lyamungu, imetoa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani bila kunyunyiziwa dawa ya magonjwa hayo. Kwa mkulima ambaye ndilo gharama lililomshinda, hii ni habari kubwa kuliko mahafali yote. Miche yake huzalishwa kwa vikonyo, na kazi hiyo inaweza kufanywa na kikundi cha kijijini kikifundishwa. Lakini Lyamungu iko Wilaya ya Hai, upande wa magharibi wa mji, na Mwika iko mwisho wa mashariki. Kati yao vipo vyuo vikuu kadhaa. Kwa mpango wa akili, umbali huo ungekuwa umejaa vitalu, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na mabwana shamba. Mche wa Lyamungu usipofika Mwika kwa wingi unaotakiwa, yaani wa kung'oa kizee na kupanda kipya katika kila kihamba, lawama si ya utafiti. Utafiti umemaliza sehemu yake.

LUGHA YA TASNIFU

Kikwazo kimoja hakisemwi sana kwa sababu kinawagusa wasemaji wenyewe. Kila mwaka wanafunzi wa Moshi huandika tasnifu juu ya kahawa, ushirika, masoko, maji ya mlimani na vikundi vya akina mama. Huenda vijijini na madodoso, huketi barazani kwa mkulima, humchukulia saa mbili za mchana wake, hunywa chai yake, huandika majibu yake. Kisha majibu hayo yaliyotolewa kwa Kiswahili au Kichagga hugeuzwa kuwa Kiingereza, huwekwa katika majedwali, hujadiliwa kwa Kiingereza na kufungwa katika jalada gumu. Mkulima aliyetoa maarifa hayo hayaoni tena. Hata katibu wa chama chake cha msingi hapewi kurasa mbili za kumwambia kilichogunduliwa.

Kuna neno katika Kiswahili la mtu anayekusanya mali ghafi kwa watu bila kuwalipa na kuipeleka mbali. Neno hilo lilitumiwa sana miaka ya Azimio la Arusha dhidi ya walanguzi. Si haki kumwita mwanafunzi jina hilo, kwani utaratibu umemkuta. Lakini utaratibu wenyewe unastahili kuitwa hivyo. Chuo chochote chenye nia kingeweza kuamua, bila kuomba fedha kwa mfadhili yeyote, kwamba hakuna tasnifu itakayopokelewa mpaka muhtasari wake wa Kiswahili uwe umesomwa mbele ya watu waliohojiwa na kuulizwa maswali nao. Watahini wangeshangaa jinsi maswali ya barazani yalivyo magumu.

DESEMBA NA JANUARI

Kila anayeijua Mwika anajua Desemba yake. Kuanzia katikati ya mwezi magari hupanda kwa msururu. Daktari, mhandisi, mhasibu, mwalimu wa chuo kikuu, mfanyabiashara wa Kariakoo, wote hurudi kihambani. Ng'ombe na mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, arusi na ubatizo hufuatana. Kwa wiki mbili hivi Mwika huwa na wataalamu wengi kwa eneo lake kuliko mitaa mingi ya Dar es Salaam. Kama uchumi wa maarifa ungepimwa kwa kuhesabu vichwa vilivyosoma, basi wakati wa Krismasi Mwika ingekuwa mbele ya miji mikubwa ya dunia.

Januari magari hushuka. Kinachobaki ni nyumba. Ni nyumba nzuri, za vigae, zenye uzio na geti, na nyingi hukaa zimefungwa miezi kumi na moja, zikilindwa na jamaa anayelipwa kidogo. Zimejengwa juu ya ardhi ya kihamba kilekile ambacho kimekwisha kugawanywa kwa wana na wajukuu mpaka hakifiki ekari moja. Fedha za wasomi wa Mwika zinarudi nyumbani, hilo lisikanushwe, na upendo wao kwa kwao haupingiki. Lakini zinarudi kama saruji. Haijulikani ni kwa nini ukoo wenye wahandisi watatu ushindwe kuweka kituo kimoja cha pamoja cha kumenyea kahawa, wakati gharama ya uzio wa nyumba moja ingetosha kuanzia. Kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kuanikwa pamoja kwa uangalifu hupata daraja bora mnadani kuliko ile inayomenywa kila mtu kwake kwa mashine ya mkono iliyochakaa. Huo ni uchumi wa maarifa katika umbo lake dogo kabisa.

Mgeni kutoka mahali fulani mlimani katika nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, angeielewa Mwika haraka. Mondragón ulikuwa mji mdogo katika bonde, maskini baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, na watu wake ni wacha Mungu. Padri mmoja, José María Arizmendiarrieta, alianzisha pale shule ya ufundi mwaka 1943. Vijana watano waliotoka katika mafunzo hayo, badala ya kutawanyika, walianzisha mwaka 1956 kiwanda cha ushirika kilichoitwa Ulgor, wakatengeneza majiko ya mafuta ya taa. Mwaka 1959 ikaanzishwa benki ya ushirika ili akiba ya bonde ikopeshe viwanda vya bonde. Mwaka 1974 likafuata shirika la utafiti, Ikerlan. Chuo kikuu kikaja mwaka 1997, baada ya vyote hivyo. Mwaka 2013 kampuni yao kubwa ya vyombo vya nyumbani, mrithi wa Ulgor, ilifilisika, na wafanyakazi wengi walipokewa na vyama vingine vya ushirika vya hapo hapo. Mji unaojua zaidi ya jambo moja hauangushwi na pigo moja.

KNCU ilikuwa na umri wa miaka 23 wakati Ulgor ilipozaliwa. Mlima huu ulikuwa mbele. Ulikuwa na kanisa lenye shule, ushirika wenye mali, kituo cha utafiti na watu wenye bidii isiyohitaji kuhubiriwa. Kiungo kilichokosekana ni kiwanda kidogo kilichoanzishwa na wahitimu waliokataa kuondoka, pamoja na benki iliyo tayari kukihatarishia fedha. Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro ilikuwapo kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2025 ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika ya taifa. Wakulima wa Mwika watataka kuiona benki hiyo ikikopesha karakana, isije ikawa mahali pengine pa kukopeshea magari.

KINACHODAIWA

Wapo wenye dawa nyingine. Wanasema Tanzania ijenge mji mpya wa teknolojia, kama Kenya ilivyozindua ujenzi wa Konza mwaka 2013 katika uwanda mkavu kusini mashariki ya Nairobi. Ni haki ya Wakenya kujaribu, na miaka imepita na bado wanajenga. Lakini miaka sita kabla ya jiwe la Konza, M-Pesa ilikuwa imeanza kutumika Kenya, mwaka 2007, na ikaenea kwa sababu mtu wa mjini alihitaji kumpelekea mama yake fedha kijijini. Haja ilitangulia, jengo likafuata. Moshi haihitaji mji mpya. Ina haja tele zinazongoja watu wa kuzijibu: kahawa kongwe, ndizi zinazouzwa kwa mkungu bila kusindikwa, mifongo inayokauka, maji yenye ugomvi tambarare.

Serikali imekwisha kusema mengi yaliyo sahihi. Dira ya Maendeleo ya 2025 ilitamka tangu mwanzo kwamba Tanzania iwe jamii iliyoelimika na inayojifunza, na Dira ya 2050 iliyozinduliwa Julai 2025 imechukua mwendo huo mbele zaidi. Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Wenye kumbukumbu watatabasamu kidogo, maana Elimu ya Kujitegemea ilidai jambo hilo hilo Machi 1967, na shule nyingi zikalitekeleza kwa kumpa mtoto jembe kama adhabu ya kuchelewa. Mkondo wa amali utakufa kifo hicho hicho kama karakana ya shule haitakuwa na mteja wa kweli nje ya uzio. Shule ya sekondari ya Mwika yenye mkondo wa amali itengeneze mashine za kumenyea kahawa za vyama vya msingi vya Mwika, kwa kulipwa, na zikiharibika zirudishwe kwa walewale waliozitengeneza.

Halmashauri ya Wilaya ya Moshi nayo ina la kujibu. Kila kilo ya kahawa inayouzwa huacha ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3. Wakulima wana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha fedha hizo hurudi katika vitalu vya vikonyo, na kuonyeshwa jibu kwa tarakimu, kwenye mbao za matangazo za kata. Halmashauri hutakiwa pia kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia 4 kati yake ikiwa ya vijana. Kikundi cha wahitimu watano wa chuo wanaotaka kubaki Mwika na kuzalisha miche kinastahili mkopo huo sawa na kikundi cha bodaboda, na kisitakiwe kwanza kuthibitisha kwamba hawana pengine pa kwenda.

Vyama vya msingi visijifiche nyuma ya lawama hizi. Vipo ambavyo vitabu vyake vya hesabu havisomeki hata na wanachama wenye shahada ya uhasibu, na vipo vilivyojitenga na chama kikuu kwa sababu za haki baada ya kuchoka kulipwa kwa kuchelewa. Mapema katika miaka ya 2000 vyama 32 vya Kilimanjaro viliungana katika kundi la G32 na kupeleka kahawa yao mnadani bila kupitia KNCU. Wengine waliita uasi. Ulikuwa uamuzi wa watu waliokokotoa bei, na chama kikuu kingefaidika zaidi kwa kuwauliza walikokotoaje kuliko kwa kuwakasirikia. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko mjini hapo hapo. Mwalimu wa hesabu za ushirika ambaye wanafunzi wake hawajawahi kukagua vitabu vya chama cha Mwika anafundisha kuogelea ubaoni.

Mapendekezo ya bajeti za halmashauri huanza kupikwa miezi mingi kabla ya Julai mosi, katika vikao vya vijiji na kata ambavyo watu wachache huhudhuria. Wasomi wa Mwika watakaopanda Desemba watakuwa nyumbani wakati vikao hivyo vinaweza kuitishwa. Mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano tarehe 27, siku mbili baada ya sikukuu, kabla magari hayajaanza kushuka, na ajenda iwe moja: kitalu cha vikonyo cha kata, mahali kitakapokuwa, maji yatakayotumika, nani atakwenda Lyamungu kujifunza, na nani atalipa nauli yake. Mche utakaopandwa masika yatakayofuata utahitaji miaka kama mitatu kuzaa mavuno ya maana, na huo ndio muda anaoutumia kijana kuipata shahada yake ya kwanza.